Nilikula Kuku wa Wakwe, Dada Yangu Akaungua Mkono

Nimekosa, na sitaki mtu anitafutie sababu. Ni miaka mitatu sasa, na mpaka leo nikisikia harufu ya yai linalochemshwa jikoni, natoka nje. Mke wangu hudhani nina ugonjwa wa tumbo. Laiti lingekuwa tumbo!

Jina langu sitaji. Mimi ni dereva wa ofisi moja ya serikali hapa Migori, mtu mzima wa arobaini na kitu, na Jumapili hunikosi kanisani, kiti cha mbele. Majina ya wengine nimeyabadilisha, kwa sababu wao hawakukosa lolote na hawakuomba kuandikwa gazetini.

Dada yangu mkubwa, nimwite Roselida, anaishi Suna. Mumewe alipofariki alimwachia watoto wanne na shemeji watatu wenye midomo. Roselida hakukaa akilia. Alianza kwenda Homa Bay kununua omena, wale dagaa wa ziwani, na kuja kuiuza hapa Migori. Shida yake ilikuwa usafiri. Magunia yake yalipanda malori ya watu, na mwenye lori akilala, omena inalala. Shemeji zake walikuwa wanangoja biashara imshinde ili waingie waamue mambo ya shamba na nyumba, na hawakuficha. Mmoja alimwambia mbele yangu kwamba mwanamke hawezi kuendesha boma kwa omena.

Ndipo dada akaamua kununua pikapu. Akiwa na gari lake mwenyewe, biashara ingesimama na midomo ile ingefungwa. Ikishindikana, basi hakuna kingine, maana alikuwa anaweka kila kitu alichokuwa nacho pale.

Na gari lilipatikana kwa wakwe zangu, Rangwe! Baba mkwe alikuwa amefariki akaacha pikapu nyeupe ya Kijapani, ya namba zile za zamani kabla ya hizi za KAA. Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, alikuwa anaiuza. Huku kwetu tunaitana ora, yeye kwangu na mimi kwake, na mama yake pia huniita ora. Nilipomwambia Roselida habari hiyo alifurahi sana. Alisema afadhali gari la watu tunaowajua kuliko la mtu wa barabarani.

Akanituma nikaliangalie. Alisema yeye hajui gari, anajua omena, kwa hiyo macho yangu ndiyo yake. Nikisema ndiyo, atanunua. Nikisema hapana, ataacha.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo uoza wangu unaanza. Mimi najua gari. Ni kazi yangu. Kila asubuhi, kabla sijawasha gari la ofisi, nafungua rejeta injini ikiwa baridi, naangalia maji yamefika wapi na yana rangi gani. Natoa kifuniko cha oili na kukitazama chini yake. Nainama naangalia kama kuna tone lililodondoka usiku. Gari linalopoteza maji haliwezi kujificha kwa mtu anayelikuta asubuhi likiwa baridi. Likishapata moto, kila kitu kinafichika. Hilo nimewafundisha madereva vijana mpaka wananicheka.

Na bado nilikwenda Rangwe Jumamosi nikafika saa sita mchana!

Gari halikuwepo. Mama mkwe alisema shemeji ametoka nalo kwenda sokoni kuninunulia soda. Baada ya muda akaingia nalo bomani, anapiga honi, watoto wanakimbia nyuma. Kwa hiyo nililikuta likiwa moto. Na lilikuwa limeoshwa, si mwili tu, hata injini ilikuwa inadondosha maji. Mtu anaosha injini kwa nini siku ambayo mnunuzi anakuja? Nilijiuliza swali hilo, na jibu nilikuwa nalo. Likioshwa, huwezi kujua tone ni la kuosha au ni la kuvuja.

Nikafungua boneti. Shemeji akanishika bega taratibu.

“Ora, hiyo rejeta itakuchoma bure. Chakula iko tayari, twende kwanza.”

Alisema kweli, ingenichoma. Nikaenda kula.

Ninyi mnaotoka sehemu hizi mnajua mkwe anavyokaa kwa wakwe zake. Hakatai chakula. Haombi chumvi hata kama haipo. Hapekui, hasemi sana, hatazami-tazami vitu vya watu. Nimelelewa hivyo na sijutii kulelewa hivyo. Lakini siku ile sikwenda Rangwe kama mkwe. Nilitumwa na mjane. Nilipaswa kumwambia shemeji hayo mapema, kwamba leo nimekuja kama dereva, anivumilie. Sikusema. Niliogopa kuonekana sina adabu, na kusema ukweli, kile kiti cha heshima nilichopewa kilikuwa kinanikaa vizuri. Walinichinjia kuku. Wakanisifu kwamba tangu baba afariki mimi ndiye mkwe anayekumbuka nyumba ile. Nikatafuna paja la kuku huyo na sifa hizo kwa pamoja, na vyote vikashuka.

Tulikaa mpaka saa tisa na nusu. Injini ilikuwa imepoa kiasi cha kufunguliwa. Nikatoka, nikazunguka gari peke yangu, shemeji akiwa bado ndani ananawa mikono. Niliona mambo matatu. Nyuma ya kiti cha dereva kulikuwa na jerikeni ya maji, nusu imetumika. Chini ya rejeta, mahali ambapo mwoshaji hakufikia, kulikuwa na mchirizi wa kutu. Na geji ya joto ilikuwa imekufa, mkono wake umelala chini hata ukiwasha ufunguo.

Hata dereva wa wiki moja angejua hiyo ni hadithi gani.

Nikafungua boneti tena, nikashika kifuniko cha rejeta kwa kitambaa. Kilikuwa vuguvugu tu. Palikuwa na harufu ya kitu kilichopikwa, ambayo haikuwa ya jikoni. Nilianza kuzungusha kidogo.

Mama mkwe alikuwa ameketi barazani na rosari yake. Gari lilikuwa la marehemu mumewe. Hakuinuka.

“Ora, kuna shida na gari ya mzee?”

Nikageuka nikamwona anavyonitazama, mama wa watu, bado amevaa nguo za msiba.

“Hakuna shida, mama,” nikasema.

Nikarudisha kifuniko pale pale na kufunga boneti. Msomaji, niliona aibu kufungua kifuniko cha rejeta mbele ya mama mkwe, kana kwamba nilikuwa namfunulia marehemu sanda! Ni mzunguko mmoja tu wa mkono uliokuwa umebaki.

Shemeji akanipeleka na gari mpaka dukani na kurudi, mwendo wa kumaliza wimbo mmoja wa redio. Injini ikalia vizuri. Nikasema ni sawa.

Jioni ile nilifika Suna, Roselida ananingoja mlangoni. Hapa bado nilikuwa na nafasi. Ningemwambia tu kwamba sikufungua rejeta, kwamba nimeona jerikeni, kwamba twende tena asubuhi na fundi. Badala yake nilimtazama dada yangu machoni na kumwambia nimefungua kila kitu, maji ni safi, oili ni safi. Halafu moyo ukanichoma kidogo, nikaongeza maneno ambayo nikiyakumbuka natamani kujitemea mate.

“Lakini hizi gari za zamani hupenda maji kidogo,” nikamwambia. “Ikipata moto, fungua tu uongeze.”

Unaona ujanja wa mwoga? Nilitaka kesho na keshokutwa niweze kusema kwamba nilimwonya. Sikumwambia angoje ipoe. Nilisema fungua tu.

Roselida akasema kama mimi nimeliangalia, yeye hana maneno. Na akanichinjia jogoo. Wa pili siku hiyo hiyo! Na nikamla.

Wiki iliyofuata alikwenda Rangwe mwenyewe akalinunua. Akamwajiri dereva, kijana mtulivu nitakayemwita Otieno. Safari mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Omena ilifika Migori kabla ya za wengine, na shemeji zake wakaanza kumsalimia kwa heshima. Otieno alinijia mara moja akaniuliza kama mzee aliyekuwa na gari lile alilalamika kuhusu maji, maana yeye kila asubuhi anaongeza karibu nusu ya jerikeni na chini haoni tone. Nilimwambia asimtie mwenye gari wasiwasi, aongeze tu. Maji yasiyoonekana chini yanakwenda wapi? Yanaingia ndani ya injini. Nilijua hilo vilevile.

Safari ya tatu walitoka Homa Bay mchana, gari limejaa magunia, mawingu yamejikusanya. Kwenye mlima kabla ya kufika Rongo injini ikachemka. Otieno akaegesha. Jerikeni ilikuwa imekwisha, akateremka mtoni kuchota maji mengine, akamwambia dada asiguse kitu. Lakini Roselida alitazama mawingu, akatazama omena yake, akaona mvuke umepungua. Na alikuwa amebeba maneno ya ndugu yake, dereva wa serikali, mtu anayejua gari.

Akajizungushia leso mkononi, akafungua.

Yale maji yalimrukia mkono wote wa kulia, kuanzia kwenye kiwiko hadi vidoleni, na shingoni upande mmoja. Otieno alisikia kilio akiwa mtoni. Alisimamisha gari la kwanza lililopita, akampeleka hospitali, pikapu na mzigo akaviacha barabarani. Mvua ikanyesha juu ya magunia usiku kucha, na kesho yake jua likayachoma.

Mimi nilifika pale siku ya tatu nikiwa na fundi wa Rongo. Uvundo tuliusikia kabla hatujaliona gari. Omena iliyonyeshewa na kupigwa na jua ilikuwa inatoa funza, nzi wameifunika kama blanketi. Watu waliokuwa wanapita walifunika pua na kuvuka upande wa pili. Otieno alikuwa amerudi kulinda gari, amekaa kwenye jiwe la mbali, shati amejifunga usoni.

Fundi akafungua kifuniko cha oili. Chini yake kulikuwa na ute mzito, rangi ya chai ya maziwa, umeganda. Maji na oili vilikuwa vimechanganyika ndani, gasketi ya hedi, inayotenganisha maji na oili, imekufa zamani. Kisha akafungua mfereji wa rejeta. Yakatoka maji meusi kidogo, halafu vikaanza kutoka vipande. Vipande vya kijivu, vyepesi, vinanuka. Fundi akachukua kimoja kwa vidole, akakinusa, akakitupa na kujipangusa kwenye majani.

“Mayai,” akasema. “Walipasua mayai ndani ili yaive na kuziba matundu. Sasa nyinyi, nani aliangalia hii gari kabla mnunue?”

Ile harufu niliyoisikia Rangwe ilikuwa yao. Mimi nakula kuku barazani, rejeta nayo ilikuwa imelishwa mayai yake! Nilikwenda pembeni nikatapika mpaka nikabaki na machozi. Fundi alidhani ni omena. Nilipojipangusa mdomo nikamjibu kwamba sijui aliyeliangalia.

Otieno alikuwa amesimama pale. Alinitazama, halafu akatazama chini.

Ukidhani niliishia hapo, hujanijua. Jumapili tulikaa Suna, shemeji za Roselida wote watatu, mimi, na Otieno amesimama mlangoni. Dada bado yuko hospitali. Walitaka kujua nani ameua gari. Mimi, mwenye umri wa kuwa baba wa Otieno, nikasema kwamba gari lilitoka Rangwe likiwa zima, na dereva yeyote anayejua kazi huangalia maji. Sikumtaja. Sikuhitaji kumtaja.

Otieno hakubishana. “Mimi hiyo jerikeni niliikuta ndani ya gari, mzee,” akaniambia, na hakuna aliyemuuliza maana yake. Wakamfukuza siku hiyo hiyo. Akaondoka na begi lake, mimi nikaletewa chai. Kwa nini ile chai haikunikwama kooni, sijui mpaka leo.

Nilikwenda kumwuliza shemeji yangu habari ya mayai. Nilikwenda kwa hasira, nilitaka nipate mtu wa kunishinda kwa uchafu. Alinisikiliza akichokoa meno kwa kijiti.

“Ora, si ulifungua boneti wewe mwenyewe?” akasema. “Ungeuliza ningekuambia.”

Nimemchukia kwa maneno hayo. Mtu yule alinunua mayai, akayapasua ndani ya gari la baba yake, akaja kunikaribisha mezani. Ni mchafu. Lakini yeye alimdanganya mgeni, mimi nilimdanganya aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto.

Roselida alipona kwa namna ya kupona. Ngozi ilijikunja, vidole vya mkono wa kulia vikajifunga nusu na havikufunguka tena. Pikapu ikauzwa vipande vipande. Alirudi kupandisha magunia kwenye malori ya watu, machache kuliko ya zamani, na shemeji zake wakachukua sehemu ya shamba ile iliyo karibu na barabara. Hakuwahi kunilaumu. Tukikutana ananipa mkono wa kushoto, yeye ambaye alinichapa nikiwa mdogo kwa kumsalimia mgeni kwa kushoto, nami naupokea na kutazama kando.

Nilijiambia hajui. Miaka mitatu nimekuwa nikijiambia hivyo.

Mwezi uliopita aliniomba tuandamane Homa Bay. Amejikusanya tena, na kuna mwalimu mmoja anayeuza pikapu. Nilishukuru Mungu! Nikasema sasa nitajisafisha, nitaingia chini ya gari hilo hata kama ni matope. Alitaka tufike alfajiri, kabla mwenye gari hajawasha. Tulipofika langoni, nikamkuta Otieno anatungoja, ameshika kitambaa na tochi.

Mke wa mwalimu akatoa viti na chai na mandazi. Nikapita viti, nikaanza kukunja mikono ya shati. Roselida akanigusa kwa ule mkono wake uliojikunja.

“Mama mkwe wako alikuja kuniona hospitali,” akasema. Alisema polepole ili wenyeji wasisikie. “Alikusifu sana. Alisema una heshima, hata kifuniko cha rejeta ulikishika tu ukaacha, kwa sababu yake.”

Nilikosa pa kuweka uso. Maskini mama yule alikuwa amekuja na ndizi zake kumfariji mgonjwa na kunisifu! Na dada yangu alikuwa amelala pale, mkono umefungwa bandeji, akamshukuru. Alipotoka hospitali alimtafuta Otieno akamwomba msamaha kwa niaba ya nyumba yetu, na miaka yote hii hakunitajia.

“Wewe kaa, nyathi mama,” akaniambia, yaani mtoto wa mama yangu. “Kula. Huyu ataangalia.”

Nikakaa. Otieno alifungua kifuniko injini ikiwa baridi, akaingiza kidole, akakinusa. Akatazama chini ya kifuniko cha oili. Akalala chali kwenye umande akamulika. Kisha yeye na dada wakawasha, wakaenda nalo safari ndefu mpaka upande wa Lambwe na kurudi, wakalala palepale Homa Bay ili alfajiri ya pili afungue tena aone kama maji yamepungua. Mwenye gari hakukasirika hata kidogo. Mimi siku ile nzima nilikuwa kwenye kile kiti, na mandazi mbele yangu.

Ndugu yangu unayesoma, ukitumwa kuangalia gari la mtu, fika kabla halijawashwa, ufungue. Hata kama ni la mkweo. Hata kama marehemu bado analiliwa. Ukiona jerikeni, uliza. Ukishindwa kufungua, rudi useme kwa aliyekutuma kwamba hukufungua, maneno mawili tu, atakusamehe. Kama mimi ningeyasema yale mawili jioni ile Suna, leo dada yangu angekuwa ananisalimia kwa mkono wa kulia.